Kulisoma ua la nyanya: jinsi ya kutunza mbegu yako na kuzalisha chotara kwa mkono

Chuma ua moja la nyanya lililofunguka asubuhi hii, uliweke kiganjani. Chagua la katikati ya kishada, lenye njano iliyokolea. Vile vijani vilivyolizunguka ni sepali. Petali za njano zimejikunja nyuma, na katikati imesimama koni ndogo, ya njano pia, iliyochongoka kama ncha ya penseli.

Sasa chukua sindano, uipasue koni hiyo taratibu kutoka shinani hadi nchani. Utaona si kitu kimoja. Ni stameni, sehemu za kiume za ua, tano, sita au zaidi, zimesimama ubavu kwa ubavu na kushikanishwa na vinyweleo vidogo sana. Ndani yake kuna unga mwepesi unaobaki kwenye ncha ya sindano: hiyo ndiyo chavua. Katikati ya unga huo umesimama uzi wa kijani, nao ni stili. Juu ya stili kuna kichwa kidogo chenye unyevunyevu, stigma. Chini kabisa kuna ovari, kitufe cha kijani kinacholingana na kichwa cha pini. Kitufe hicho ndicho nyanya yenyewe kabla haijawa nyanya.

Angalia vifuko vya chavua vinapofungukia. Vinafungukia ndani, kuielekea stili, havifungukii nje. Halafu kumbuka ua lilivyokuwa kwenye mche: lilining'inia likitazama chini. Likitikiswa kidogo, chavua inamwagikia ncha ya koni, na stigma iko hapo hapo ikisubiri. Ua limejifungia ndani baba na mama, likajiozesha lenyewe.

Nalima nyanya Kayenze, upande wa Ilemela, mkoani Mwanza, na nilikaa misimu kadhaa bila kulipasua ua hata moja. Mwaka wa kwanza nilinunua chotara F1, yaani kizazi cha kwanza cha wazazi wa aina mbili tofauti, kwenye duka la pembejeo, nikavuna vizuri, nikatunza mbegu za nyanya nzuri kuliko zote. Msimu uliofuata shamba likawa mchanganyiko: mche huu mrefu, ule mfupi, hizi ndogo, zile zinapasuka kabla hazijafika soko la Kirumba. Nililishuku duka. Kumbe mbegu ya dukani ilikuwa sahihi, na ua lilikuwa limefanya kazi yake sawasawa. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyotamani mtu anieleze siku ile.

Kwa nini ua lilijifunga

Asili ya nyanya ni Amerika ya Kusini, kandokando ya milima ya Andes, na hadi leo ndugu zake wa mwituni wanaota Peru, Ekwado na Chile. Wengi wao wana stili ndefu inayochungulia nje ya koni. Stigma ikiwa nje, inagusana kwanza na mdudu aliyetoka kwenye ua la mche mwingine. Baadhi yao, kama Solanum peruvianum, wana pia ulinzi wa pili. Kuna eneo la jeni linaloitwa S, katika kromosomu ya 1 (kromosomu ni nyuzi ndani ya seli zinazobeba jeni), ambalo hutengeneza protini ndani ya stili. Chavua ya mche uleule ikitua na kuanza kuotesha mrija wake kuelekea kwenye ovari, protini hiyo inauharibu mrija ukiwa njiani. Mche unakataa kujioa.

Nyanya yetu ya shambani imeupoteza ulinzi huo. Chavua yake inakubalika nyumbani kwake. Lakini kukubalika ni jambo moja na kukutana ni jambo lingine, na hapo ndipo jeni ya pili inapoingia. Mwaka 2007, Kai-Yi Chen, Steven Tanksley na wenzao walichapisha katika jarida la Science utafiti kuhusu jeni iitwayo Style2.1, iliyoko kwenye kromosomu ya 2. Jeni hii hutoa protini inayoongoza jeni nyingine, na kazi yake ni kuzifanya seli za stili zirefuke ua linapokua. Kilichobadilika kwenye nyanya ya shambani ni kipande cha DNA kilicho mbele ya jeni, kile kinachoamua jeni ifanye kazi kwa nguvu kiasi gani. Protini yenyewe haikuguswa. Ni kama koki iliyofungwa nusu: maji ni yaleyale, yanatoka kidogo. Seli hazirefuki sana, stili inabaki fupi, stigma inaishia ndani ya koni.

Mwaka 2021 watafiti walieleza jeni nyingine, SE3.1, kwenye kromosomu ya 3. Hiyo ndiyo iliyoishusha stigma kutoka usawa wa ncha ya koni hadi ndani zaidi, kama ilivyo kwenye aina nyingi za kisasa.

Faida yake kwa mkulima ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mche unaojichavusha kizazi baada ya kizazi unafanana na wazazi wake. Ndiyo maana Money Maker, Roma, Cal J na Tanya, ambazo si chotara, mbegu zake ukizitunza vizuri zinarudi zilezile. Chotara F1 ana wazazi wawili tofauti ndani yake. Akijichavusha, jeni za wazazi hao zinaachana na kugawanyika upya, na kila mche unachukua mgawo wake. Shamba langu lile la mchanganyiko lilikuwa hilo tu.

Hatua ya kwanza: kagua maua kumi

Kabla hujaamua kutunza mbegu ya aina yoyote, chuma maua kumi kutoka miche kumi tofauti, kati ya saa mbili na saa nne asubuhi. Tazama ncha ya koni kwa karibu. Kamera ya simu ikivutwa inatosha kabisa.

Usipoiona stigma mpaka upasue koni, una aina iliyofungwa vizuri. Uwezekano wa chavua ya jirani kuingia ni mdogo, na kwa nyanya za shambani kwa kawaida haufiki maua 5 kwa kila 100. Stigma ikiwa usawa wa ncha, bado uko salama kwa kiasi kikubwa, ila ongeza umbali kati ya aina na aina. Ikichungulia nje, hata kwa milimita moja, usiamini mbegu yake bila kulifunika ua.

Halafu hesabu petali. Ua la asili lina petali tano, na tunda lake lina vyumba viwili vya mbegu. Ukikuta petali saba, nane au zaidi, unatazama mabadiliko mawili makubwa: moja linaitwa lc, karibu na jeni ya WUSCHEL kwenye kromosomu ya 2, na jingine fas, linaloivuruga jeni ya CLAVATA3 kwenye kromosomu ya 11. WUSCHEL huziambia seli za ncha ya chipukizi ziendelee kubaki changa na kuongezeka. CLAVATA3 humzuia asizidishe. Kizuizi kikilegea, ncha inanenepa, na ua linapata nafasi ya kuotesha sehemu nyingi zaidi. Nyanya zile pana zenye mikunjo kama boga zinatoka huko. Kwa mtunza mbegu kuna tahadhari: maua hayo mapana mara nyingine yana stili zilizoungana kama utepe, koni inapasuka ubavuni, na stigma inabaki wazi. Hayo yafunike daima.

Mara chache utakuta mche wenye koni nyembamba, iliyofifia, isiyotoa unga wowote. Huo una utasa wa upande wa baba. Jeni za namna hiyo huwa zinajificha, na huonekana mche unapozirithi kutoka pande zote mbili. Zipo pia nyanya zenye chavua nzima kabisa lakini vifuko havifunguki, kwa sababu ya jeni iitwayo ps-2. Wazalishaji wa mbegu huipenda maana inawapunguzia kazi ya kuhasi maua, yaani kuyaondolea stameni. Kwako wewe, mche wa hivyo usiuchukulie mbegu.

Hatua ya pili: lisaidie ua kujichavusha

Kujichavusha hakuji bure. Ua linahitaji mtikisiko. Sisi wa kando ya ziwa tuna bahati ya upepo unaovuma mchana kutoka majini kuja nchi kavu, na mashamba ya wazi ya Igombe na Kayenze huchavushwa nao. Ila kama shamba limejificha nyuma ya mawe makubwa, kama yalivyo mengi huku kwetu, au uko ndani ya kitalu nyumba, upepo haukufikii. Pita kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ugonge kwa kijiti kamba au fito zinazoshikilia miche, kila baada ya siku moja au mbili.

Nyuki wa asali si msaada mkubwa hapa. Anayeiweza kazi ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa. Akifika hulikumbatia ua, huing'ata koni, kisha hutetemesha misuli yake ya kurukia bila kuruka. Utasikia mlio unabadilika, unakuwa mwembamba na wa ghafla, na chavua inammwagikia tumboni. Kwa sababu yake, ukilazimika kupulizia dawa ya kantangaze, mdudu mharibifu wa nyanya, pulizia jioni.

Joto nalo lina sauti. Mchana ukizidi takribani nyuzi 32, na usiku ukibaki juu ya 21, chavua inadhoofika na maua yanapukutika. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui: joto kali huweza kuirefusha stili ikatokeza nje hata kwenye aina iliyofungwa vizuri. Usiku wa Mwanza mara nyingi ni wa wastani, kwa kuwa ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, lakini wiki za jua kali kuelekea vuli rudia ule ukaguzi wa maua kumi. Wakati wa masika tatizo linageuka: unyevu unaigandisha chavua na haimwagiki. Ndiyo maana mimi mbegu zangu nazitoa kwenye zao la kiangazi, Juni hadi Septemba, namwagilia kwa mashine ya kuvuta maji ziwani.

Hatua ya tatu: tunza mbegu ya aina isiyo chotara

Chagua mche, usichague tunda. Nyanya zote za mche mmoja zina mama mmoja, na kwa kuwa zimejichavusha, baba ni huyohuyo. Nyanya kubwa kwenye mche dhaifu haina jeni bora kuliko ndogo iliyo pembeni yake. Imepata nafasi nzuri tu kwenye kishada. Zunguka shamba kabla matunda hayajaiva, ufunge uzi mwekundu kwenye miche sita hadi kumi iliyo imara, inayofanana na aina yake, isiyo na ugonjwa.

Aina nyingine iwe hatua kumi mbali au zaidi, na katikati panda mistari miwili ya mahindi. Ukitaka uhakika kamili, funika kishada kabla maua hayajafunguka. Vile vifuko vya neti vinavyofungiwa zawadi za harusi vinafaa sana: hewa inapita, mdudu hapiti. Gonga kishada kila siku, na matunda yakishakuwa kama gololi, ondoa kifuko na ufunge uzi hapo.

Nyanya ikiiva kabisa, kata, kamulia mbegu na maji yake kwenye kikombe. Acha zichachuke siku moja hadi mbili kivulini, ukikoroga mara mbili kwa siku. Ule ute unaozizunguka mbegu unazuia kuota, na kuchachuka kunauondoa. Usizidishe, maana kwa joto letu siku ya tatu zinaanza kuota kikombeni. Osha kwa maji mengi, mwaga zinazoelea, anika kivulini juu ya sahani au chekecheke. Usianike juu ya karatasi, zitaganda. Anayevuta sigara anawe kwa sabuni kwanza, kwa sababu virusi vya batobato vya tumbaku husafiri mikononi na hukaa juu ya ganda la mbegu.

Hatua ya nne: vusha kwa mkono

Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Kuvusha ni kupeleka chavua ya aina moja kwenye stigma ya aina nyingine. Chukua Roma awe mama na Money Maker awe baba. Kuna sababu ya kuanza na hawa. Roma ni fupi. Ukuaji wake unakoma kwa sababu ya jeni iitwayo sp, ambayo ni ya kujificha na lazima irithiwe pande zote mbili. Money Maker ni ndefu. Ukifanikiwa kuvusha, watoto wote watakuwa warefu. Ukimwona mfupi kati yao, ujue ua lilijichavusha kabla hujaliwahi. Umepata kipimo cha kazi yako bila maabara.

Jioni ya kwanza, tafuta tumba sahihi kwenye mche wa Roma. Petali ziwe zimeshatokeza kati ya sepali, rangi yake iwe njano hafifu karibu na maziwa, na ziwe bado zimefumba. Likiwa limekolea njano, umechelewa. Likiwa la kijani, stili bado changa na utaivunja.

Andaa kibano chembamba, kile cha nyusi kinachouzwa na vifaa vya saluni, na pamba yenye spiriti. Shika tumba kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto bila kulikaba. Ingiza ncha ya kibano ubavuni mwa koni, ipasue, kisha vuta kuelekea nje. Petali na stameni zimeungana shinani, kwa hiyo ukivuta vizuri zinatoka pamoja kama kofia, na stili inabaki imesimama peke yake juu ya ovari. Mkono ukitetemeka utaivunja mara ya kwanza na ya pili. Endelea, siku ya kwanza mimi nilipata maua manne tu kati ya kumi na mbili. Kata ncha za sepali mbili ziwe alama. Alama hiyo hubaki mpaka tunda linaiva, hata uzi ukikatika. Punguza maua mengine yote ya kishada hicho, kisha funika.

Siku hiyohiyo chuma maua yaliyofunguka ya Money Maker, chomoa koni, zitandaze kwenye karatasi kavu usiku kucha ndani ya nyumba. Asubuhi zitie kwenye kikopo kidogo kikavu chenye kipande cha neti juu, utikise ukikielekeza chini juu ya kifuniko safi. Unga utakaodondoka ni mdogo, ila unatosha maua mengi. Ukikaushwa na kufungwa vizuri, unakaa siku kadhaa kwenye friji.

Kesho yake au keshokutwa, stigma itakuwa inang'aa kwa unyevu. Ichovye kwenye chavua mpaka uione imegeuka nyeupe, funika tena. Rudia siku inayofuata, maana chavua nyingi huleta mbegu nyingi. Pangusa kibano kwa spiriti kila unapobadili baba. Baada ya wiki moja kitufe cha kijani kitaanza kuvimba. Kikinyauka na kudondoka, ua hilo halikushika. Tangu siku ya kuchavusha hadi kuiva hesabu siku 45 hadi 60.

Hatua ya tano: chotara wako akijichavusha

Sia mbegu hizo, ng'oa miche mifupi, na iliyobaki ni F1 yako. Ukitosheka nayo kama ilivyo, itakubidi uvushe upya kila mara. Ukitaka aina itakayojirudia, iache ijichavushe na anza kuchagua.

Hesabu yake si ngumu. Kwenye F1, kila mahali wazazi walipotofautiana, mche una jeni moja ya huku na moja ya huku. Kila kizazi kinachojichavusha hupunguza mchanganyiko huo kwa nusu: kizazi cha pili asilimia 50, cha tatu 25, cha nne 12.5, cha tano 6.25, cha sita kama 3. Hapo shamba linaonekana sare. Kwa anayemwagilia na kupata mazao mawili kwa mwaka, ni safari ya miaka mitatu hivi.

Kosa la wengi ni kupanda miche michache katika kizazi cha pili. Sifa moja ya kujificha, kama ufupi, itatokea kwa mche mmoja kati ya minne. Sifa mbili za namna hiyo, zisizorithiwa kwa kufuatana, zitakutana kwenye mche mmoja kati ya 16. Ukipanda miche 16 unaweza kuukosa kabisa. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kuupata, panda 47. Mimi napanda 50. Ni kizazi hiki ndicho cha kukipa eneo, maji na macho yako.

Kuhusu kuuza: mbegu ya kupanda shambani kwako ni jambo moja, kuiuza ni jingine. Biashara ya mbegu Tanzania inasimamiwa na Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 kupitia TOSCI, taasisi ya serikali inayosimamia ubora wa mbegu, na tangu 2012 kuna sheria inayolinda haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea. Nenda TOSCI kabla hujamuuzia jirani hata kijiko kimoja.

Kila mche unaouchagua uwe na bahasha yake, yenye majina ya wazazi, kizazi na tarehe, ndani ya chupa yenye vipande vya mkaa mkavu. Usichanganye mbegu za miche miwili hata kama inafanana. Sasa hivi nina mistari sita ya kizazi cha nne, kila mmoja umetoka kwenye mche mmoja. Miwili miche yake bado inapishana urefu, hiyo nitaiacha. Minne imenyooka, na Jumamosi nitaanza nayo tena pale pale: maua kumi, sindano, na kuangalia stigma imekaa wapi.